Bei ya Kutofungamana: Tanzania na Wakubwa Watatu, 1965

Katika somo langu la mahusiano ya kimataifa ya Afrika huwauliza wanafunzi swali moja kila mwaka: je, nchi ambayo sehemu kubwa ya mipango yake hulipiwa na wengine inaweza kuwa na sera ya nje iliyo yake yenyewe? Zamani nilijibiwa kwa nadharia. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na hatimaye kuifunga USAID, majibu yamebadilika. Sasa wanafunzi hunitajia zahanati, dawa na ajira za ndugu zao. Wengi huongeza kwamba hali ya kunyimwa ghafla namna hii haijapata kutupata, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kati ya Januari na Desemba 1965 Tanzania ilikosana na Marekani, Ujerumani Magharibi na Uingereza, yaani mataifa yale yale iliyokuwa ikiyategemea kuliko mengine yote. Tofauti na ya leo, safari ile tulipewa nafasi ya kuchagua.

Tumezoea kuisoma habari hii kama kisa cha ushujaa wa Mwalimu Nyerere. Ushujaa ulikuwepo, sina ubishi. Lakini nadhani inatufaa zaidi tukiisoma kama hesabu: nani alidai nini, nani alilipa, na alilipa kwa mfuko wa nani.

Tuanze na mfuko. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulianza Julai 1964, na zaidi ya robo tatu ya matumizi ya maendeleo ya Serikali Kuu ilitarajiwa kutoka nje. Hali ya ulinzi haikuwa bora. Tarehe 20 Januari mwaka huo askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, na siku tano baadaye Serikali ililazimika kuita majeshi ya Uingereza, miaka miwili na mwezi mmoja tu baada ya kuishusha bendera ya Uingereza. Jeshi lilivunjwa, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Kikosi cha anga na cha wanamaji cha jeshi hilo jipya kilikuwa kijengwe kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kwa maneno mengine, nchi iliyotangaza kutofungamana na upande wowote ilikuwa imekwisha kufungamana kwa njia ya hazina na ya ghala la silaha.

Mgogoro na Wajerumani ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu haukuhusu ukombozi wa Afrika wala ardhi wala madini. Ulihusu kibao cha mlangoni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki. Wajerumani hao walifungua ubalozi Unguja na kuahidi, pamoja na mambo mengine, nyumba. Majengo ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani yanasimama hadi leo yakiishuhudia ahadi hiyo. Muungano ulipofika tarehe 26 Aprili, nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa aina mbili: balozi wa Bonn akiwa Dar es Salaam, na balozi wa Berlin Mashariki akiwa ng'ambo ya pili ya mkondo.

Bonn haikuweza kulivumilia jambo hilo. Tangu 1955 ilifuata kanuni iliyopewa jina la Walter Hallstein, mtendaji mkuu wa wizara yake ya mambo ya nje: Ujerumani Magharibi ndiyo msemaji pekee wa Wajerumani wote, na nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya uadui. Yugoslavia ilivunjiwa uhusiano kwa sababu hiyo mwaka 1957, na Kuba mwaka 1963. Tanzania ikatakiwa kuufunga ubalozi wa Unguja.

Msomaji atazame mtego huu ulivyotegwa. Kumlazimisha Mzee Karume awafukuze watu waliomjengea nyumba kulimaanisha kuutikisa Muungano ambao wino wake ulikuwa haujakauka. Kumwacha awabakize kulimaanisha kupoteza ndege, mafunzo na mikopo ya Bonn. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi kwamba suala la Ujerumani halikuwa la mambo ya nje hata kidogo. Lilikuwa suala la Katiba ya Muungano lililovaa koti la kidiplomasia. Mwalimu alijadiliana kwa miezi mingi. Februari 1965 ukapatikana ufumbuzi wa kati: ubalozi wa Unguja ufungwe, Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, na Tanzania isiitambue rasmi. Hayakuwa mapya hayo. Misri ilikuwa na mpango wa namna hiyo hiyo mjini Cairo tangu 1959, na Bonn ilikuwa imeishi nao.

Safari hii Bonn haikukubali. Iliondoa mara moja msaada wake wa kijeshi, ikaacha ieleweke kwamba misaada mingine nayo ingeweza kuangaliwa upya. Hapo Mwalimu akafanya jambo ambalo washauri wengi, wa wakati ule na wa leo, wangemkataza: aliwaambia wauchukue na ule msaada mwingine wote wa kiserikali. Watu husimulia kwamba Wajerumani walitukatia misaada. Kwa usahihi, walikata sehemu, na sehemu iliyobaki tuliikataa wenyewe. Nimelitafakari sana tendo hilo, na sikubaliani na wanaoliita hasira. Msaada ambao umebakizwa ili uweze kuondolewa kesho hufanya kazi ya kamba shingoni. Kila barua ya wizara ingeandikwa kwa kuuogopa. Kwa kuukataa, Serikali iliinunua nafasi ya kuandika barua zake kwa uhuru. Bei ilikuwa kubwa. Bidhaa nayo ilikuwa halisi.

Mwezi ule ule, tarehe 24 Februari, Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, alipokelewa Cairo kwa heshima zote. Bonn ilikasirika, lakini uhusiano na Misri haikuuvunja. Iliamua kuitambua Israeli, na nchi za Kiarabu ndizo zilizouvunja. Kanuni iliyokuwa chuma Dar es Salaam iligeuka nta Cairo. Desemba 1972 Bonn yenyewe ilitia saini mkataba wa msingi na Berlin Mashariki, na 1973 Ujerumani zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa siku moja. Kibao kile cha mlangoni kilikuwa kimekwisha kuwa kibao tu.

Mafunzo ya anga yalichukuliwa na Kanada, mwanachama wa NATO kama Ujerumani Magharibi yenyewe. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaodai kwamba Nyerere alikuwa akitafuta kisingizio cha kukimbilia Mashariki.

Habari ya Marekani ni fupi. Januari 1965 wanadiplomasia wake wawili walifukuzwa kwa tuhuma za kula njama, kutokana na mazungumzo ya simu yaliyonaswa. Marekani ikakanusha, nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wa Tanzania. Ushahidi ulikuwa dhaifu, na ninaona Serikali ilikuwa na haraka. Lakini ikumbukwe kwamba miezi miwili kabla ya hapo ndege za Marekani zilikuwa zimewashusha makomando wa Ubelgiji Stanleyville, Kongo. Dar es Salaam ya wakati huo haikuhitaji ushahidi mwingi ili iamini mabaya.

Uingereza ndiyo iliyouma zaidi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia kwa niaba ya walowezi wachache. Serikali ya Harold Wilson ilitangaza vikwazo vya uchumi na kusema wazi kwamba haitatumia nguvu. Mapema Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi huo hadi tarehe 15 Desemba, nchi zote wanachama zivunje nayo uhusiano wa kibalozi. Umoja huo ulikuwa na wanachama 36. Siku ilipofika, waliotimiza azimio hawakuzidi kumi. Tanzania ilikuwamo, pamoja na Ghana, Misri, Algeria, Guinea na Mali. Kenya haikuwamo. Uganda haikuwamo. Zambia haikuwamo pia, ingawa kwake mimi sina lawama: reli yake, mafuta yake na umeme wake vilipitia mikononi mwa Rhodesia, na kumtaka Kaunda awe shujaa siku ile ilikuwa sawa na kumwomba mtu aliyening'inia akate tawi.

Nyerere alilihutubia Bunge tarehe 14 Desemba, akajenga hoja yake juu ya heshima ya Afrika. Ukiisoma hotuba ile kwa makini utaona haikuwa na matumaini kwamba Uingereza ingetetemeka. Hoja ilikuwa nyingine: kama mawaziri wa bara zima wanaweza kuazimia jambo, kuliwekea tarehe, kisha wasilifanye, basi azimio lolote lijalo halitasomwa na mtu. Tanzania ililipia thamani ya karatasi ya Addis Ababa. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza, uliokuwa umekwisha kukubaliwa, ulizuiwa. Uhusiano ulirejeshwa mwaka 1968, Smith akiwa bado madarakani, na akabaki hapo miaka mingine kumi na zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa Mwalimu, nami nikiwa mmojawao, hulipita haraka. Nani aliulizwa? Bunge lililoisikiliza hotuba ile lilikuwa limechaguliwa chini ya mfumo mpya wa chama kimoja. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilikuwa imepitishwa tangu 1962, na vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa baada ya maasi ya 1964. Inawezekana kabisa kwamba Watanzania wangekubali kulipa gharama ile kama wangeulizwa. Mimi naamini wangekubali. Lakini imani yangu si kura. Kijiji kilichongoja kisima katika Mpango wa Miaka Mitano hakikuwa na mahali pa kusema kwamba kingependelea kisima kuliko heshima ya Afrika, wala pa kusema kinyume chake. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu niliyoitaja mwanzoni, na halipungui kwa sababu uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lina sehemu ndefu inayoonya dhidi ya kuufanya mkopo na msaada kuwa msingi wa maendeleo. Husomwa kama itikadi ya ujamaa. Mimi huisoma pia kama taarifa ya mtu aliyetoka kulipa bili tatu. Ajabu ni yaliyofuata: baada ya kutangaza kujitegemea, misaada iliongezeka. Katika miaka ya 1970 Sweden na jirani zake wa Skandinavia, pamoja na Benki ya Dunia, walituona kuwa nchi ya kusaidiwa kuliko nyingi, kwa sehemu kwa sababu ya msimamo ule ule. Agosti 1986, Mwalimu akiwa ameng'atuka Ikulu, tulitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti ambayo yeye alikuwa ameyapinga kwa miaka kadhaa.

Mfadhili mpya hakuja bure pia. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilipokataa kuijenga reli ya kwenda Zambia, China ilikubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ilianza 1970, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikakamilika 1975. Mkopo huo, hata hivyo, ulikuwa na kipengele ambacho husahauliwa: gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua wetu, zilitakiwa kupatikana kwa kuuza bidhaa za China katika maduka ya Tanzania na Zambia. Mama aliyenunua kitenge cha Kichina Morogoro mwaka 1972, pengine kwa sababu hakukuwa na kingine dukani siku hiyo, alikuwa akimlipa kibarua aliyekuwa akichimba mahandaki ya reli katika milima ya Mlimba.