Nani Alimfundisha Fundi Wako?

Tangu niache chuo mwaka wa pili nimegundua kitu kimoja: kila mtu ana namba za mafundi kwenye simu. Fundi stima, fundi bomba, fundi wa friji. Lakini uliza nani alimfundisha huyo fundi, kimya! Hakuna anayejua, na kusema kweli hakuna anayejali.

Leo tujali kidogo. Nitaanzia mbali, nivumilieni.

Tuanze na neno lenyewe. Fundi, fundisha, funzo, mwanafunzi, zote ni ndugu. Mzizi ni mmoja, kufunda. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inamweleza fundi kama mtu anayeijua kazi yake mpaka anaweza kumfunza mwingine. Yani kwa Kiswahili cha wazee wetu, ualimu ulikuwa ndani ya ufundi. Kujua peke yako hakukutosha.

Na ndivyo kazi zilivyopita hapa pwani. Kijana wa kuunda majahazi alianza kwa kushika mbao, kufagia vumbi, kusokota pamba ya kalafati. Siku moja akapewa tezo. Aliyempa ndiye aliyeamua kwamba sasa yuko tayari. Hakukuwa na cheti, kulikuwa na jicho la mwalimu. Ujuzi huo haujafa. Mnaikumbuka FlipFlopi, ile dau ya rangi rangi iliyoundwa Lamu kwa plastiki za ufuoni, ikasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019? Watu walipiga picha patipati. Mimi nilijiuliza: nani aliyejua kugeuza plastiki kuwa chombo cha baharini? Kazi iliongozwa na Ali Skanda, fundi wa Lamu. Ujuzi wa mbao, uliopokezwa vizazi na vizazi, ndio uliobeba plastiki.

Sasa, dharau ilitoka wapi? Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, ikashauri elimu ya Mwafrika iegemee kazi za mikono. Wazazi wengi walishtuka, na walikuwa na haki. Waliona mtoto wa Mzungu anaandaliwa kiti cha ofisi, wa kwao anaandaliwa msumeno. Tangu hapo jembe na randa vikanuka ubaguzi, kalamu ikanukia uhuru.

Lakini Mombasa kulikuwa na hadithi nyingine. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jumuiya ya Bohora na serikali ya kikoloni walichanga pesa, ikajengwa taasisi ya MIOME kwa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Pale ufundi haukuwa adhabu ya waliofeli, ulikuwa fahari.

Angalia kilichofuata. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute. 1972, Mombasa Polytechnic. 2007, chuo kikuu kishiriki. 2013, Technical University of Mombasa. Sina ubaya na TUM, diploma bado zinatolewa pale. Ila ona mtindo: kila tulipotaka kukipa heshima chuo cha ufundi, tulikisogeza karibu na chuo kikuu. Ni kama hatujui njia nyingine ya kusema "hongera".

Huku vijijini, Baraza la Makanisa lilitoa ripoti mwaka 1966 likiuliza: baada ya shule, nini? Watoto walikuwa wanamaliza darasa la saba bila pa kwenda. Kutoka hapo zikazaliwa polytechnic za kijiji. Wazo lilikuwa safi: funza kijana kazi inayohitajika palepale anapoishi. Halafu 1985 ikaja 8-4-4, useremala ukaingia hadi shule za msingi. Wazazi wakachanga harambee, karakana zikajengwa. Zana zikawa haba, walimu waliozijua zana wakawa haba zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa, na karakana nyingi zikageuka stoo.

Mnaona kosa linalojirudia? Tunajenga ukuta, tunasahau mwalimu.

Kwale tuna ushahidi wetu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Mzee mmoja jirani yetu Msambweni alijifunzia kuwelda pale. Kiwanda kikafa, yeye akaendelea kufunza vijana chini ya mwembe, na hao wakafunza wengine. Mgodi wa titani nao umesimamisha uchimbaji mwisho wa 2024. Mitambo itaondoka. Kitakachobaki ni kile ambacho mtu mmoja alimfunza mwenzake.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya. Mjomba wangu ni seremala Ukunda, miaka thelathini sasa. Milango ya hoteli kadhaa za Diani imepita mkononi mwake. Nimekaa kwenye banda lake nikarekodi video. Kijana akikata mbao vibaya, mjomba hapigi kelele. Anamwambia, "Haya, niambie mwanangu, msumeno ulikukataa wapi?" Kijana anatafuta kosa mwenyewe. Huo ni ualimu, wallahi, na mimi nimekaa kumbi za mihadhara nikaukosa.

Aliomba kufundisha chuo kimoja cha ufundi. Wakaitazama kazi yake, wakaisifu, wakauliza diploma. Hana. Akarudi bandani.

Najua sheria. Sheria ya TVET ya 2013 inataka mkufunzi asajiliwe, na ni vizuri, manake inamlinda mwanafunzi na matapeli. Najua pia Kenya imeanza utaratibu wa kumpa cheti fundi aliyejifunza nje ya darasa. Lakini cheti hicho kinapima kama unajua kuunda mlango. Hakiulizi umeunda mafundi wangapi.

Katiba ya 2010 iliziweka polytechnic za kijiji chini ya kaunti, kwa hivyo hili halihitaji Nairobi. Kaunti ya Kwale inaweza kumlipa fundi mkongwe afundishe karakanani, bega kwa bega na mwalimu mwenye diploma: mmoja afunze mikono, mwingine nadharia na hesabu. Inaweza kuwauliza waliohitimu ni nani hasa aliyewafanya wasimame, kisha huyo apewe tuzo mbele ya watu, na nyongeza ya mshahara. Makofi peke yake hayanunui unga.

Sisi wengine kazi yetu ni ndogo. Fundi akija kwako wiki hii, muulize alifunzwa na nani. Mimi nilimuuliza mjomba. Alinyamaza, akaweka randa chini, akanitajia jina la mzee aliyekufa zamani Gazi. Akasema hajawahi kuulizwa.