Abasomi wa Bukoba na Desturi ya Kusoma Kila Siku

Makala haya yanakusudia kutazama jambo moja katika historia ya Kanisa la Bukoba ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaolistahili. Wakristo wa kwanza wa Kiprotestanti katika nchi ya Wahaya hawakuwa na chuo cha theolojia wala mshahara. Walikuwa na desturi ya kusoma kila siku.

Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi hizi, mpaka ukawekwa kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta. Buganda ikabaki upande mmoja, Wahaya upande wa pili. Mpaka huo haukuzuia watu kupita, wala vitabu. Kule Buganda Wakristo waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa sababu aliyetaka ubatizo kwa Waanglikana alitakiwa kwanza ajue kusoma. Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington, Henry Wright Duta na wenzao, ilitoka mwaka 1896. Toleo moja lilitengenezwa fupi na nene ili lienee ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasilifikie. (Mchungaji ambaye vitabu vyake vya chuo vimeliwa na mchwa atakubali kwamba ilikuwa hekima.)

Wahaya waliokwenda Buganda walirudi na elimu hiyo. Wamisionari wa Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta vikundi vya wasomaji vimekwisha kuwako, na Andrea Kajerero akiwa miongoni mwa viongozi wao. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza na Wajerumani hao wakaondoka, vikundi havikusambaratika. Walioviongoza tangu mwanzo waliendelea kuviongoza.

Yafaa kuuliza: walisomaje hata wakapata uthabiti huo? Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo walisoma pamoja na kwa sauti. Husimuliwa kwamba huko Buganda watu waliketi kukizunguka kitabu kimoja, hata wengine wakazoea kusoma herufi zikiwa zimepinduliwa. Tena aliyejua kidogo hakungoja ajue vyote; alimfundisha asiyejua. Lakini jambo lenye uzito zaidi, naona, lilikuwa lugha. Kiganda na Kihaya ni ndugu, ila si lugha moja. Msomaji aliyetaka kuwaeleza watu wa nyumbani kwake sura aliyoisoma alilazimika kutafuta maneno ya Kihaya. Mtu aweza kukariri aya asiyoielewa na akasifiwa kwa kumbukumbu yake; hawezi kumweleza bibi yake aya hiyo kwa lugha nyingine. Kila jioni ya namna hiyo ilikuwa mtihani. Wataalamu wa elimu-nafsi wa siku zetu wamethibitisha kwa majaribio kwamba anayefunga kitabu na kujieleza alichosoma hukihifadhi kwa muda mrefu kuliko anayerudia kukisoma tu. Abasomi hawakulihitaji jaribio.

Sisi Walutheri tuna shahidi wa karibu zaidi. Katika utangulizi mrefu wa Katekisimo Kubwa, alioutoa mwaka 1530, Martin Luther anawakemea wachungaji wanaodhani wamekwisha kuijua katekisimo, kisha anasema kwamba yeye, daktari na mhubiri, huisoma na kuikariri neno kwa neno kila asubuhi kama mtoto. Hakuona aibu kuyarudia mambo ya mwanzo.

Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 1988, alikuwa mtoto wa Kanisa hilo la wasomaji. Alisoma Bethel, kisha Boston. Na mwaka 1974, akiwa tayari na mzigo wa dayosisi nzima tangu 1964, kitabu chake juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu kilichapishwa Sweden. Miaka mitatu baadaye alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Anayesema kazi za usharika hazimpi nafasi ya kusoma, na azitazame tarehe hizo.

Sikatai kwamba kazi ni nyingi. Mchungaji wa Ijumbi, Ndolage au popote Muleba ana misiba, vikao, michango na mitaa ya mbali. Lakini hatari yetu ni nyingine. Biblia sasa iko kwa Kiswahili na kwa Kihaya, hata ndani ya simu. Ile kazi ya kutafuta neno, iliyowanoa abasomi, haimlazimu mtu tena. Inampasa aitafute kwa hiari: asome sura asubuhi kwa Kiswahili, akifunge kitabu, na jioni, ndizi zikiwa bado jikoni, awaeleze walioko nyumbani kwa Kihaya, nao wamwulize.