Tairodi za MG

Gari la michezo aina ya MG TC lilianza kutoka kiwandani Abingdon, Uingereza, mwaka 1945, vita vilipokwisha. Halikuwa gari jipya hasa. Lilikuwa gari la kabla ya vita lililorekebishwa kidogo: mifupa ya bodi ni mbao, ekseli ya mbele ni chuma kimoja kizima, na magurudumu ni ya waya, membamba, ya inchi 19. Hadi 1949 yalitengenezwa magari kama 10,000, na karibu 2,000 yakavuka bahari kwenda Marekani, yote yakiwa na usukani upande wa kulia katika nchi ambayo watu huendesha kulia. Wamarekani waliyapenda hivyo hivyo. Carroll Shelby alishindana na TC mwaka 1952, kabla jina lake halijajulikana.

Waliyapenda, lakini waliyanung'unikia. TC ina sifa ya kutangatanga barabarani, dereva akiwa na kazi ya kulirudisha kila mara. Wengi wamesema ndivyo lilivyozaliwa. Mimi naona lawama hiyo imezidi.

Hebu msomaji afuate mwendo wa chuma kwa chuma. Usukani huzungusha mhimili wenye mfuo ndani ya stelingi boksi. Kijino kinachotembea katika mfuo huo husukuma mkono. Mkono husukuma fimbo. Fimbo hugeuza gurudumu moja. Na fimbo nyingine ndefu, ambayo mafundi wetu huiita tairodi, hulivuta gurudumu la pili. Kila ncha ina kitufe cha mviringo ndani ya kikombe, na kila gurudumu husimama juu ya kingpini na bushi zake. Kila mahali pakilika kiasi cha unene wa karatasi, kasoro hizo zikijumlishwa usukani utacheza bure kwa upana wa kiganja.

Mpango huo ni wa kale kuliko injini ya petroli. Fundi wa mikokoteni wa Munich, Georg Lankensperger, ndiye aliyebuni namna ya kuyafanya magurudumu mawili ya mbele yageuke kila moja kwa pembe yake, maana la ndani ya kona hupita njia fupi zaidi. Wakala wake London, Rudolph Ackermann, aliuandikisha ubunifu huo mwaka 1818, na hadi leo unaitwa kwa jina la wakala. Fundi hakuambulia hata hilo.

Basi wenye TC walifanya nini? Aghalabu walikaza boksi. Mfuo hulika zaidi katikati, kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja. Ukikaza ili kuondoa ulegevu wa katikati, usukani hunasa kwenye kona, mahali ambapo hutaki unase kabisa. Wengine, hasa Marekani, waling'oa boksi zima wakafunga la Volkswagen, na miaka ya baadaye la Datsun. MG wenyewe walikwisha kuuacha mpango huo: gari lao la familia la 1947 lilikuwa na stelingi ya meno, na TD iliyolifuata TC ikaichukua.

Siwalaumu waliobadili boksi. Mtu ana watoto nyumbani. Lakini nasikitika kuona boksi la asili likitupwa kabla vikombe vya shilingi chache havijakaguliwa. Vikombe, vitufe, bushi na kingpini viliwekwa ili vilike badala ya vitu vikubwa, na kuvibadili hakulipunguzii gari uasili wake hata chembe. Anayevihifadhi kwa sababu vilitoka Abingdon anahifadhi hatari.

Kazi yenyewe haina makuu. Mmoja hukaa ndani akitikisa usukani kidogo kidogo. Mwingine hulala chini, kidole juu ya kila kiungo, akisikiliza kipi kinachelewa. Kilicholika hutolewa, kipya hufungwa, nati hukazwa, na pini mpya ya kuizuia isifunguke hupitishwa. Ile ya zamani hairudishwi. Kisha hupimwa upana kati ya magurudumu, mbele na nyuma ya ekseli, na tairodi hurekebishwa kabla gari halijatoka uani.