Joto na Mionzi: Wazo la 1866 Lililokataa Kufa

Ule ujumbe wa maji moto ya nazi eti yanaua saratani bado unazunguka WhatsApp, na kila mara kuna mtu anauamini. Usiuamini. Lakini joto na saratani wana historia ya kweli, na hebu niwape hiyo badala ya uzushi.

1866, Bonn, Ujerumani. Daktari Wilhelm Busch anaandika kuhusu mgonjwa mwenye uvimbe wa saratani usoni. Mgonjwa alipatwa na maambukizi ya ngozi, homa ikapanda vibaya, na uvimbe ukatoweka. Miaka ya 1890, William Coley wa New York akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria makusudi ili wapate homa kama ile. Kuna waliopata nafuu, na kuna waliouawa na hayo maambukizi. 1898, Frans Westermark wa Uswidi akajaribu njia nyingine: maji moto yanayozunguka kwenye mrija karibu na saratani ya mlango wa kizazi.

Lakini 1895 Wilhelm Röntgen alikuwa ameshagundua eksirei, na mionzi ikawa ndiyo habari ya mjini. Joto likawekwa kando.

Shida ni kwamba mionzi hufanya kazi vizuri pale palipo na oksijeni. Katikati ya uvimbe mkubwa damu haifiki vizuri, oksijeni ni kidogo, na seli za huko ni sugu. Seli zinazonakili DNA yake pia ni ngumu kwa mionzi. Sasa cheki hii: seli hizo hizo ndizo dhaifu mbele ya joto la karibu nyuzi 43. Tena joto huvuruga uwezo wa seli kukarabati DNA iliyovunjwa. Yaani mionzi inabomoa, joto linamnyima fundi saruji.

Mbona basi haiko kila hospitali? Miaka ya 1980, utafiti mkubwa wa Marekani haukuona faida ya jumla, na wengi wakakata tamaa. Lakini vifaa vya wakati huo vilishindwa kupasha uvimbe mkubwa joto la kutosha. Waholanzi hawakuacha. Mwaka 2000 walichapisha matokeo ya wagonjwa 358. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 27 kwa mionzi pekee, na asilimia 51 kwa mionzi pamoja na joto.

Na usiseme hayo ni ya wazungu tu. Johannesburg walijaribu tiba kama hii kwa wanawake wenye saratani hiyo hiyo, wakiwemo wengi wanaoishi na HIV, na 2019 wakachapisha kwamba ilisaidia kuudhibiti ugonjwa.

Saratani hii inaua mama zetu na dada zetu hapa Kenya, na kwa miaka mingi walipanga foleni ya mionzi KNH. Kwa maoni yangu, mashine za mionzi na chanjo ya HPV zitangulie, kwa sababu bila mionzi hilo joto halina mwenzake. Lakini tunapojenga vituo vya kaunti, tufundishe pia wanafizikia wa tiba, watu wa kupima joto ndani ya mwili bila kumchoma mgonjwa. Wazo hili lilikwama kwa kukosa vipimo, si kwa kuwa la uongo. Na ukiona mtu anakuuzia joto badala ya mionzi, huyo ni tapeli. Mripoti.