Mfongo: Kinga ya Wazee wa Kilimanjaro

Somo letu la leo lahusu mfongo, yaani mfereji wa kuleta maji mashambani, na jinsi wazee wa Kilimanjaro walivyojikinga na ukame.

Msituni huku juu mvua ni nyingi, lakini ukishuka kuelekea tambarare hupungua sana. Masika yakikosekana, mazao hunyauka na njaa huingia. Wachaga hawakungoja mpaka iingie. Walichimba mifongo kutoka mitoni, wakaipitisha ubavuni mwa vilima mpaka vihambani na kwenye mashamba ya ulezi. Wasafiri wa Ulaya waliofika katika karne ya 19 waliikuta, wakaistaajabia.

Lakini jembe peke yake halikutosha, ulihitajika utaratibu. Ukoo uliochimba mfongo ulitoa mzee wa kuusimamia na kugawa zamu za maji. Maji ya usiku yaliwekwa katika bwawa dogo liitwalo nduwa. Mafuriko yakibomoa banio la mawe, matawi na migomba, kila nyumba iliyotumia maji ilitoa mtu wa kazi. Asiyekuja alitozwa faini. Wazee walijua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ushirikiano wa namna hii tumeuona tena karibuni. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani, sehemu ya Whona, ukateketeza zaidi ya kilomita 90 za mraba. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanavijiji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wengi wao wakiwa na zana za mkono tu. Nao walikuwa wakiokoa maji pia, maana miti ya juu hunasa maji ya ukungu. Ikiungua, vijito hupungukiwa.

Leo mifongo kadhaa imekauka, mingine imeachwa, na vijana wengi wamehamia mijini. Bomba laweza kuleta maji, lakini haliwakusanyi majirani. Mfongo ukifa, yatupasa tujihadhari usife pamoja na desturi ya kuitikia mwito.

Sasa, katika vikundi vyenu, jadilianeni maswali haya. Je, mafuriko au moto ukitokea usiku huu kijijini kwenu, nani atawaita watu? Watakutana wapi? Na asiyekuja, mtamfanyaje?