Ushahidi wa Ardhi na Maji: Kutoka Ngome ya Yesu hadi Bonde la Theta

Historia ya vita vya kale katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi na wale waliokuwa na ngome, mizinga na makarani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba akiolojia, yaani elimu ya mabaki ya kale, yaweza kuwarudisha katika historia hiyo watu ambao makarani hawakuwajali. Mfano wetu ni Ngome ya Yesu ya Mombasa. Kisha tutauliza unatufunza nini sisi wa bara, hasa Thika, Ruiru na bonde la mto Theta.

Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593. Mwezi Machi 1696 ilizingirwa na majeshi ya Oman, ikatekwa Desemba 1698. Husemwa kwamba vita hivyo vilikuwa vya Wareno na Waarabu. Hata hivyo, mwishoni mwa Agosti 1697, maradhi yalipokuwa yamewamaliza askari wa Kireno, aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika ambao wengi wao walikuwa wanawake. Katika masimulizi ya vita wanawake hao huhesabiwa tu, hawatajwi majina.

Tangu mwaka 1958 James Kirkman aliichimba ngome hiyo, iliyokuwa gereza tangu 1895. Udongo ulitoa vyungu vya kienyeji pamoja na vyombo vya kaure vya Uchina, na ukutani zikaonekana picha za merikebu na samaki zilizochorwa kwa makaa na udongo mwekundu. Chungu hakina jina la mpishi, lakini chathibitisha kwamba alikuwapo.

Bahari nayo ilitoa ushahidi wake. Merikebu ya vita Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein, Bara Hindi, ilileta msaada Septemba 1697 ikazama chini ya ngome mwezi uliofuata. Kati ya 1977 na 1980 Robin Piercy na wenzake, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliopoa maelfu ya vitu. Mwili wa merikebu waliupima, wakauchora, kisha wakaufukia tena mchangani, kwani mbao zilizolowa karne tatu hupasuka na kupindika zikikauka ovyo.

Sasa tugeukie bara. Oktoba 1890 Frederick Lugard alijenga ngome ya Kampuni ya Kiingereza huko Dagoretti; mwaka uliofuata ikajengwa nyingine Kabete. Zote zilitegemea chakula cha Wakikuyu, nao ugomvi juu ya chakula hicho ukawa mmojawapo wa misingi ya uadui. Habari hizi tumezirithi zaidi kutoka vitabu vya maofisa. Aliyelima, aliyeuza na aliyenyang'anywa hawakuandika.

Ushahidi wao, ikiwa umesalia, umo ardhini: shanga, vigae, majivu ya mafiga. Lakini ardhi ya Thika na Ruiru imekwisha kulimwa kwa kahawa na katani, na leo yachimbwa misingi ya majumba. Merikebu ya Mombasa ilihifadhiwa na tope. Kigae cha Theta hakina mlinzi. Kitu king'olewapo mahali pake bila kuandikwa kilikuwa wapi na karibu na nini, hubaki kitu tu, hakiwi tena shahidi.

Kwa hiyo yafaa ardhi ikaguliwe kabla ya jembe la mjenzi, na masimulizi ya wazee yakusanywe sambamba na kazi hiyo. Msingi ukishamwagwa zege, hakuna mpiga mbizi atakayeufikia.