Machiavelli Alikuwa Karani

Wenzangu wa mchepuo wa historia watakumbuka swali ambalo mwalimu wetu alilipenda kuliko yote, na ambalo hakuna aliyewahi kulijibu kwa kumridhisha: Machiavelli alikuwa akifanya kazi gani? Tulijibu kwamba alikuwa mwanafalsafa. Tulijibu kwamba alikuwa mwandishi. Mmoja wetu, ambaye leo ni mtu mzito, alijibu kwamba alikuwa mshauri wa madikteta. Mwalimu alitikisa kichwa, akafuta ubao, akaendelea na somo. Mimi jibu lilinijia baada ya miaka zaidi ya ishirini, nikiwa nimekaa ofisini mbele ya majalada. Alikuwa karani. Alikuwa mtumishi wa serikali kama nilivyo mimi, na kama mlivyo wengi wenu mtakaosoma ukurasa huu.

Mji wa Florence, katika nchi ambayo leo twaiita Italia, ulikuwa ukijitawala wenyewe. Tangu mwaka 1434 uliendeshwa na ukoo wa Medici, matajiri wa benki, ambao walitawala bila kuvaa taji. Mwaka 1494 wananchi waliwafukuza. Likaundwa Baraza Kuu la raia wapatao 3,000, na ukumbi mkubwa ukajengwa upesi upesi ndani ya jumba la serikali ili baraza hilo lipate mahali pa kukutania. Ndilo lililomchagua Niccolò Machiavelli, mwezi wa Juni 1498, akiwa na umri wa miaka 29, kuwa mkuu wa Ofisi ya Pili ya ukatibu. (Miezi miwili tu kabla ya hapo meli za Vasco da Gama zilikuwa zimetia nanga Mombasa na Malindi. Wafanyabiashara wa Florence waliokaa Lisbon hawakukawia kutia fedha zao katika safari zilizofuata. Mambo haya hayako mbali nasi kama tulivyodhani darasani.)

Kazi yake ilikuwa barua. Aliandika maelfu ya barua kwa makamanda, kwa maofisa wa wilaya, kwa mabalozi. Alitumwa Ufaransa, alitumwa Roma, alitumwa kwa Cesare Borgia, mtu ambaye kila mtu alimwogopa. Na yeyote aliyepata kusafiri kikazi atamtambua mara moja katika taarifa zake, kwa maana kati ya habari nzito za vita na mikataba aweka malalamiko ya masurufu: fedha hazitoshi, farasi ni ghali, wenzake wa cheo cha juu wanalipwa zaidi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu.

Sasa tuje kwenye sanaa, maana hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vilipotutenga na ukweli. Tulifundishwa wasanii katika sura moja na siasa katika sura nyingine. Kumbe walikuwa wakipanda ngazi za jumba lile lile. Jamhuri changa haikuwa na ukoo wa kifalme wala nasaba ya kujivunia, ilihitaji picha na sanamu za kuisemea. Mwaka 1495 sanamu ya Yudithi akimkata kichwa Holofernes, kazi ya Donatello, ilitolewa nyumbani kwa Medici ikasimamishwa mbele ya jumba la serikali, iwe onyo kwa atakayetaka kuwa jabari. Mwaka 1504 mahali pale pakapewa sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Ilichukua siku nne kuisogeza kutoka karakana ya kanisa kuu, ikivutwa na watu zaidi ya 40; ilibidi ukuta ubomolewe juu ya mlango ipate kutoka, na usiku wa kwanza watu waliirushia mawe hata ikawekewa walinzi. Watu hawarushii mawe pambo. Walijua vema jiwe lile lilikuwa likisema nini.

Ndani, katika ukumbi wa Baraza, serikali ilitaka kuta zichorwe vita ambavyo Florence ilishinda. Leonardo da Vinci alipewa vita vya Anghiari vya mwaka 1440, na Michelangelo, kijana wa miaka 29, akapewa vita vya Cascina vya mwaka 1364. Mkataba wa Leonardo upo hata leo, wa tarehe 4 Mei 1504. Alipe mchoro wake wa awali ifikapo mwisho wa Februari mwaka unaofuata, naye atapewa florini 15 kila mwezi. Na jina la shahidi ni la nani? Ni la karani wetu, Niccolò Machiavelli.

Nakiri kwamba karatasi hiyo imenikaa moyoni kuliko picha zote. Kama kazi ile ingalikamilika, watu watatu ambao dunia yote yawajua wangalikuwa wamehudumia ukuta mmoja. Haikukamilika. Leonardo alijaribu namna mpya ya kupaka rangi ambayo ilimshinda, na mwaka 1506 akaenda Milan kwa Wafaransa. Michelangelo aliitwa Roma na Papa Julius wa Pili mwaka 1505, akaacha mchoro wa karatasi tu. Baadaye Giorgio Vasari, akiwa mtumishi wa Medici, alichora upya kuta zile. Mwaka 2011 watafiti walitoboa matundu wakitafuta mabaki ya Leonardo nyuma ya kazi ya Vasari, kisha utafiti ukasimamishwa.

Kuna jambo jingine. Katika michoro ya Leonardo ya Anghiari, watu na farasi wanatafunana kama fisi. Lakini Machiavelli, alipoandika historia ya Florence miaka mingi baadaye, alisema kwamba katika vita hivyo alikufa mtu mmoja tu, tena kwa kuanguka kutoka juu ya farasi na kukanyagwa! Wanahistoria wa leo hawaikubali hesabu hiyo, na nadhani yeye mwenyewe alijua ametia chumvi. Alikuwa na hoja yake: askari wa kukodiwa hupigana kwa maigizo, maana hakuna anayetaka kufa kwa ajili ya mshahara. Ndiyo sababu aliishawishi serikali iunde jeshi la mgambo la wakulima wake yenyewe, akaiandika sheria yake mwaka 1506. Mwaka 1509 mji wa Pisa ulirudishwa mikononi mwa Florence, naye akawa mtu wa kushangiliwa.

Kisha Agosti 1512 jeshi la Kihispania likafika Prato, karibu kabisa na Florence, na mgambo wale wakatupa silaha wakakimbia. Mji ule uliporwa vibaya sana. Serikali ya jamhuri ilianguka, Medici wakarudi, na ule ukumbi wa Baraza ukageuzwa kuwa kambi ya askari. Tarehe 7 Novemba Machiavelli aliachishwa kazi. Alikuwa na umri wa miaka 43, umri wangu ninapoandika haya. Alitakiwa kuweka dhamana ya florini 1,000, na kwa mwaka mzima akakatazwa kukanyaga jumba alimofanyia kazi miaka 14, isipokuwa alipoitwa kujibu maswali juu ya hesabu za fedha za mgambo. Hawakumkuta na upungufu. Mwezi wa Februari 1513 jina lake lilikutwa katika orodha iliyoangushwa na wapanga njama; akakamatwa, akafungwa mikono nyuma, akavutwa juu kwa kamba na kuachiwa aanguke, mara sita. Hakusema kitu. Alitoka gerezani mwezi wa Machi, kwa msamaha wa sherehe, kwa sababu mtu wa ukoo wa Medici alikuwa amechaguliwa kuwa Papa.

Alikwenda shamba. Desemba mwaka huo alimwandikia rafiki yake habari za siku zake. Asubuhi huwasimamia wakata kuni, mchana hucheza karata na kugombana na mchinja nyama na msaga unga, na jioni huvua nguo zenye matope, huvaa joho lake la kazini, akakaa saa nne na vitabu vya wahenga wa Roma. Hilo joho! Niliwahi kuondolewa katika idara moja kwa sababu ya dokezo nililoliandika kwa nia njema, na kwa wiki mbili za kungoja kituo kipya nilivaa tai kila asubuhi, nikaketi sebuleni. Mke wangu hakuuliza kitu.

Katika jioni hizo ndimo kilimoandikwa Il Principe, kile kitabu kilicholifanya jina lake kuwa tusi. Nacho alikiweka wakfu kwa Medici, watu wale wale waliomning'iniza kwa kamba. Je, alikuwa kigeugeu? Zamani ningejibu ndiyo bila kusita. Siku hizi namlinganisha na Michelangelo, ambaye aliwachongea Medici makaburi yao, akaijengea jamhuri ngome dhidi yao mwaka 1529, kisha akasamehewa na kurudishwa kazini. Mchongaji huchukua patasi yake akaenda kwa tajiri mwingine, na kila tajiri amtaka. Karani ana ujuzi wa ofisi moja tu, na akifungiwa mlango ule, ujuzi wote unabaki ndani. Simtetei kwa kila alichokiandika. Kurasa zake juu ya ukatili uliotumiwa vizuri bado hunitia baridi. Ila nasema aliomba kazi.

Hakupewa ile aliyoitaka. Mwaka 1520 aliagizwa kuandika historia ya mji, na akapewa shughuli ndogo ndogo. Mwaka 1527 watu waliasi. Katika ghasia zile kitu kizito kilitupwa kutoka dirishani, kikauvunja mkono wa kushoto wa Daudi. Mwezi wa Mei Medici walifukuzwa mara ya pili na jamhuri ikarudi. Ofisi yake ya zamani ikawa wazi. Siku 10 za mwanzo za Juni zilipopita, akachaguliwa mtu mwingine, kwa kuwa sasa yeye alihesabiwa kuwa mtu wa Medici. Akafa tarehe 21 mwezi huo. Il Principe kilichapwa mwaka 1532, kwa idhini ya Papa Clement wa Saba, wa ukoo wa Medici.